Muuguzi wa Kituo cha Kijijini Asiachwe Peke Yake

Kwa wakazi wa visiwa vidogo vinavyoizunguka Pemba, safari ya kwenda hospitali haianzi barabarani bali ufukweni. Mtu wa Kojani, Fundo, Makoongwe au Kisiwa Panza akizidiwa na maradhi usiku, jamaa zake hawana budi kutazama kwanza bahari: maji yamejaa au yamekupwa, kusi limetulia au linavuma. Kabla ya kuufikia mlango wa hospitali ya Wete, Chake Chake au Mkoani, mlango wa kwanza kubishwa ni ule wa muuguzi wa kituo cha afya kilicho karibu. Ni juu ya muuguzi huyo tunapotaka kusema leo.

Wanakijiji aghalabu humwita daktari, ingawa yeye mwenyewe hakidai cheo hicho. Asubuhi huwapima watoto uzito na kuwachanja: chanjo ya kifua kikuu kwa mtoto mchanga, matone ya kuzuia kupooza, na chanjo ya surua atimizapo miezi tisa. Hapo hapo huwapima waja wazito, humfunga kidonda mvuvi aliyechomwa na taa, na humtoa damu kidoleni mwenye homa ili ijulikane kama ana malaria. Kila alilolitenda sharti aliandike daftarini, kwa kuwa dawa zitakazoletwa baadaye hukadiriwa kwa hesabu zake.

Yapo pia maradhi yasiyopiga kelele. Bibi mwenye shinikizo la damu husema, "Mwanangu, kichwa hakiniumi tena, dawa ya nini?" Muuguzi huwa hana budi kuketi naye na kumweleza: "Bibi, kichwa kimenyamaza, lakini kipimo hakijanyamaza." Maneno hayo machache, yakisemwa kwa adabu na mtu anayeaminiwa, huweza kumwepusha mzee na kiharusi. Lakini muuguzi mwenye foleni iliyofika uani atapata wapi nafasi ya kuyasema?

Hata hivyo, mizani halisi ya kazi hii ni usiku, mwanamke anapojifungua. Mzazi aliyekuwa mzima wa afya huweza kutokwa na damu nyingi baada ya kuzaa na kufa katika muda wa saa chache. Kinga yake inajulikana. Mara tu mtoto azaliwapo, mama hupigwa sindano ya oksitosini, yuniti 10, ili mfuko wa uzazi ujikaze. Lakini dawa hiyo huharibika kwa joto. Yataka kuhifadhiwa katika jokofu, baina ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Basi jokofu la kituo lililoharibika si samani iliyoharibika. Ni uhai wa mzazi uliowekwa rehani.

Utafiti uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, na kutangazwa mwaka 2023, umetoa somo kubwa. Damu ilipopimwa kwa mfuko wa plastiki wenye alama, uliotandikwa chini ya mzazi, badala ya kukisiwa kwa macho, na tiba zote zikatolewa kwa pamoja bila kungojeana, madhara makubwa ya kutokwa na damu yalipungua kwa asilimia 60. Tiba hizo ni kulikanda tumbo, kutoa dawa ya kuukaza mfuko wa uzazi na dawa ya kuzuia damu, kutia maji mshipani, na kuchunguza damu inatoka wapi. Zote ni kazi za wakati mmoja. Mtu aliye peke yake, mkono mmoja ukiwa tumboni mwa mgonjwa, atatia maji kwa mkono upi, atamfunika mtoto kwa upi, na nani atakwenda kumwamsha nahodha?

Hapa ndipo penye kiini cha shauri letu. Baada ya Mapinduzi ya 1964, Serikali ya Zanzibar iliamua kwamba matibabu yawe bure kwa wananchi wote. Mwaka 1978, mataifa yaliyokutana Alma-Ata yalikiri kwamba afya ya msingi imfuate mwananchi pale anapoishi. Vituo vikajengwa, na faida yake imeonekana: malaria, iliyokuwa ikiwamaliza watoto wetu, ilipungua sana tangu dawa mseto na vyandarua vilipoenezwa katika miaka ya 2000. Lakini nasi tumeongezeka. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,303,569 Zanzibar; ile ya 2022 ikahesabu 1,889,773. Jengo jipya ni jambo la kushukuriwa, lakini jengo halizalishi wala halitii mtu maji mshipani.

Kwa hiyo tunawaomba wenye dhamana, wanapopanga bajeti, wasihesabu vituo kwa idadi ya milango, bali kwa idadi ya mikono iliyomo ndani saa nane za usiku. Kituo kinachozalisha kiwe na wauguzi wawili kila zamu ya usiku, nyumba ya kuishi karibu nacho, jokofu lenye umeme wa akiba, na chombo cha bahari chenye mafuta ambacho hakitumwi shughuli nyingine.

Nasi wananchi tunao wajibu wetu. Mja mzito asifichwe ndani hadi uchungu umshinde. Ahudhurie kliniki mapema, na mwenye dalili za hatari avushwe mchana bahari ikiwa shwari. Masheha na wazee wa mji wapange zamu za manahodha, ijulikane kila usiku ni nani wa kuamshwa. Na anayefika kituoni akakuta foleni, asimtolee muuguzi maneno makali. Huenda mwenzetu huyo hajalala tangu jana.

Chombo hakivuki kwa nahodha peke yake. Muuguzi wetu amekwishashika usukani. Sasa apewe baharia.