Moyo, Figo na Usahaulifu wa Wazee

Mzee akianza kusahau, kwetu Ushetu husemwa mengi. Akiuliza neno moja mara tano, watu hucheka. Akitoka usiku akapotea njia ya nyumbani kwake, kicheko huisha, minong'ono huanza. Jambo hili si la mchezo, maana katika mkoa wetu wa Shinyanga wazee, hasa akina bibi, wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, wengine kwa ajili ya macho mekundu tu, ambayo mara nyingi ni kazi ya moshi wa jikoni. Kwa hiyo nimeona yafaa nieleze jinsi usahaulifu unavyoweza kuanzia mbali na kichwa.

Ubongo wa mtu mzima hauzidi sana kilo moja na nusu, lakini hutumia karibu sehemu moja ya tano ya oksijeni yote ya mwili. Oksijeni hiyo huletwa na damu isukumwayo na moyo, kwa mishipa ambayo mwishowe huwa myembamba kuliko unywele. Figo nazo zimejaa mishipa ya namna hiyo, nazo huchuja lita 180 hivi kila siku. Basi figo na ubongo, ingawa hukaa mbalimbali, vina udhaifu mmoja. Damu ikisukumwa kwa nguvu kupita kiasi miaka mingi, kuta za mishipa hiyo hukakamaa na njia husongwa. Sukari ikizidi katika damu huziharibu kuta hizo hizo. Figo zikichoka hushindwa kutoa chumvi na maji, presha hupanda zaidi, na mzigo humrudia moyo. Huko juu, vipande vidogo vya ubongo hukosa damu na kufa kimya kimya, pasipo mtu kuanguka wala kupooza. Si usahaulifu wote una asili hii, lakini mwingi huzidishwa nayo.

Wako wasemao kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu. Huko Hai, Kilimanjaro, wataalamu walichunguza wazee 1,198 wa miaka 70 na zaidi, na katika matokeo yaliyotolewa mwaka 2013 walikadiria wagonjwa 6 hivi katika kila wazee 100.

Tumbaku tunayolima imewalipia wengi wetu karo, nami shambani siilaumu. Ikivutwa, hudhuru mishipa ile ile.

Mwaka 2025 zilitolewa habari za majaribio ya China, katika vijiji 326 vyenye wagonjwa wa presha karibu 34,000. Katika nusu ya vijiji hivyo presha ilishushwa kwa bidii kwa muda wa miaka 4, na huko ugonjwa wa kusahau ulipungua kwa asilimia 15 ukilinganishwa na vijiji vingine. Dawa zilikuwa zile za kawaida za presha, na waliozitoa ni waganga wa vijijini ambao si madaktari.