Fahamu: Seva inayopokea maombi na kuyapeleka nyuma

Ni nini?

Ni seva ya wavuti inayokaa mbele ya seva ya programu. Picha na kurasa zisizobadilika huzitoa yenyewe. Maombi yanayohitaji kuchakatwa, kama kuingia kwenye akaunti, huyapeleka nyuma.

Hupangwaje?

Katika Nginx, programu ya seva ya wavuti iliyoandikwa na Mrusi Igor Sysoev na kutolewa kwa umma mwaka 2004, agizo la proxy_pass hutaja anwani ya kupelekea, mathalani poti 8080 ya kompyuta ileile. Seva ya Apache ina agizo la ProxyPass kwa kazi hiyohiyo.

Ina faida gani?

Seva ya programu haianikwi moja kwa moja kwenye intaneti, na vyeti vya HTTPS husimamiwa mahali pamoja.

Mambo yakikwama?

Mtumiaji huona msimbo wa hitilafu 502 seva ya nyuma isipojibu ipasavyo, au 504 ikichelewa mno.