Tiger Kimoja ni Sherman Vingapi?

Alhamisi jioni, nisipokuwa na zamu ya usiku hospitalini, mimi na shemeji yangu huunganisha meza mbili za kukunja kwenye ukumbi wa kanisa hapa Leicester, tukatandika kitambaa cha kijani na kukiita Normandy, Juni 1944. Nyua za vichaka tumezitengeneza kwa sponji ya kuoshea vyombo, tukaichanachana na kuipaka rangi. Vifaru ni vya plastiki, vya kipimo cha moja kwa mia: mita moja ya kweli ni sentimita moja mezani. Kwa hiyo Tiger, lile jitu la Kijerumani la tani 57, unaliinua kwa vidole viwili.

Michezo ya aina hii inauzwa na vitabu vyake vya kanuni, lakini sisi tumejitia kiburi cha kuandika za kwetu. Tumeshamaliza miezi minane. Mwendo wa vifaru ulituchukua wiki mbili, hali ya hewa jioni moja. Muda uliobaki wote umeliwa na bei.

Bei iko hivi. Kila mchezaji anapewa pointi 500 za kununulia jeshi lake. Sherman cha kawaida cha Waingereza tulikipa pointi 50, sasa Tiger tukiuze ngapi? Ukikiuza rahisi, kila mtu atanunua Tiger na mchezo utakufa. Ukikiuza ghali, hakuna atakayekigusa, na kitabu kizima kitakuwa kimeandikwa bure, maana tuseme ukweli, watu wanakuja mezani kwa ajili ya Tiger.

Mimi nilianza na chuma. Tiger kina deraya ya milimita 100 mbele na mzinga wa milimita 88. Mzinga wa Sherman, wa milimita 75, ukikipiga usoni ni sawa na kubisha hodi. Tunarusha dadu mbili: Tiger akikupata, anakuua kwa jumla ya 5 au zaidi, yaani mara 30 katika 36. Sherman akikipiga Tiger mbele, lazima atoe sita mbili, mara moja katika 36. Ubavuni, kwenye milimita 80, anahitaji 8 au zaidi, mara 15 katika 36. Nikakadiria: Sherman vitatu. Pointi 150.

Tulicheza mara nane, tukibadilishana pande kila mchezo ili asije mmoja akashinda kwa ujanja wake tukadhani ni kanuni. Tiger kilishinda mara saba.

"Shemeji," aliniambia akikusanya vifaru vyake vilivyokufa, "hii si bei, huu ni wizi."

Tukapandisha hadi 250, Sherman vitano. Namba hiyo ina umaarufu wake, kwani watu hupenda kusema kwamba ilihitajika Sherman vitano kuua Tiger kimoja. Maneno hayo hayana msingi. Platuni ya Kimarekani ilikuwa na vifaru vitano, basi vilikuja vitano hata kama mbele kuna rashasha moja tu. Isitoshe, Tiger vyote vilivyotengenezwa ni kama 1,350, wakati Sherman vilikaribia 50,000. Huko Normandy askari wengi walioapa kwamba wameona Tiger walikuwa wameona Panzer IV, kifaru kingine cha Kijerumani.

Kwa pointi 250, Tiger kilianza kupigwa, tena vibaya. Nikafurahi, nikashusha hadi 200. Alhamisi iliyofuata tukakuta ukumbi umechukuliwa, tukaenda kucheza sebuleni kwa shemeji bila lile sanduku la nyua. Meza tupu, kama jangwa. Tiger kwa bei ileile kilikaa pembeni na kuchinja kila kilichosogea.

Hapo ndipo nilipomkumbuka Frederick Lanchester, mhandisi Mwingereza ambaye mwaka 1916 alichapisha hesabu zake za vita. Alisema kwamba pale ambapo wote wanaweza kulenga adui mmoja kwa pamoja, nguvu ya kundi haiendi kwa idadi yake bali kwa idadi mara idadi. Sherman vitano vinavyokiona Tiger si nguvu ya tano, ni 25. Lakini kwenye barabara nyembamba ambako viwili tu ndivyo vinavyokiona, ni nne, na vile vitatu vya nyuma ni foleni. Nyua zetu zilikuwa zinawaficha Sherman mpaka wakafika ubavuni, kisha wakatokeza wote kwa mara moja. Kwenye meza tupu walipukutika mmoja mmoja kabla hawajafika. Yaani miezi mitatu nilidhani napanga bei ya kifaru, kumbe nilikuwa napanga bei ya sponji.

Tukaacha kugusa pointi, tukagusa meza. Kanuni sasa inasema lazima pawe na vizuizi visivyopungua kumi, na ushindi ni kushika njia panda mbili kati ya tatu. Tiger hakiwezi kuwa pahala patatu. Umbali nao ni uongo wa lazima: mzinga wa 88 uliua ng'ambo ya kilomita moja, ambayo kwa kipimo chetu ni mita kumi, nje ya ukuta, kwenye maegesho ya magari. Mwisho wetu ni sentimita 100.

Baadaye tuliwaita vijana watatu wa Mombasa wanaosoma hapa, tukawapa kanuni, sisi tukakaa kimya kwenye viti. Jaribio la namna hii linauma, kwa sababu huruhusiwi kufafanua. Niliandika "kifaru kilichosimama hupiga kwa usahihi zaidi." Wakabishana robo saa: kilichosimama kwa hiari, au kilichosimama kwa kuharibika? Mmoja akaegesha Tiger kibovu katikati ya barabara, akaanza kupiga kwa usahihi zaidi. Nikang'ata ulimi.

Wao ndio walioniuliza kwa nini tusitengeneze Kagera, vita ya Tanzania na Uganda ya 1978 hadi 1979, nako vifaru vilikuwepo pande zote mbili. Baba yangu mdogo aliendesha lori la jeshi kwenye vita ile. Alikuwa mcheshi wa ajabu, ila ukimtajia mapigano ya Lukaya alikuwa akiomba maji ya kunywa. Pointi za kumpa dereva wa lori sizijui. Labda wajukuu wataziweka.

Tiger kimebaki 200, na sharti kwamba hakinunuliwi peke yake, lazima kiandamane na Panzer IV viwili. Tuliweka sharti hilo baada ya sita mbili kukiua kwenye zamu ya kwanza, saa moja na dakika tano, chai ikiwa bado haijachemka.

Sasa tuko kwenye Firefly, Sherman ambacho Waingereza walikipa mzinga wao wa ratili 17, unaotoboa Tiger usoni. Nimekiuza pointi 80. Kikosini, kwa kawaida, kilikuwa kimoja katika kila vifaru vinne, lakini sijakiandikia kikomo. Jana shemeji kanitumia picha ya vifaru alivyomaliza kupaka rangi. Nimehesabu Firefly sita.