Magadi kwenye vyombo vya maziwa: kosa nililomfanyia mama mmoja wa Suma

Leo naanza na kosa langu mwenyewe, halafu somo litafuata.

Mwaka juzi, mvua zikiwa zimekolea, nilipita Suma kwa mama mmoja mwenye ng'ombe wawili wa maziwa. Akanikaribisha jikoni, akanipa chai, kisha akasema, "Bwana mifugo, leo siku ya tatu maziwa yangu yanarudishwa." Kituoni walichanganya maziwa yake na spiriti kwenye kile kikombe cha kupimia, yakakatika. Lita 12 za asubuhi, mara tatu. Hesabu mwenyewe hiyo hela, na karo ya mtoto ilikuwa inangoja hapohapo.

Nilikagua viwele vya ng'ombe wote wawili, vizima kabisa. Nikaomba kuona keni. Kwa nje inang'aa, mama mwenyewe ni msafi. Nikaingiza mkono hadi pale chini ya mabega ya keni, sehemu ambayo brashi hupita juujuu tu. Kidole kikatoka na utando wenye mnato, wa njanonjano, unanuka kama kitu kilichochacha. Mchawi tumempata.

Nikamwambia anunue magadi ya kufulia, ayayeyushe mengi kwenye maji ya moto sana, aache keni ilowe usiku kucha. Ndivyo tulivyofanya chuoni. Nilichosahau ni kwamba vyombo vya chuoni vilikuwa vya stenlesi, na keni ya yule mama ilikuwa ya alumini. Asubuhi akanipigia simu, sauti ya upole mno. Mfugaji akiwa mpole namna hiyo ujue kuna jambo. "Utando umetoka, bwana mifugo. Ila keni imekuwa nyeusi ndani, na imepata vidonda."

Basi tangu siku ile somo la magadi sifundishi tena nusunusu.

Kwanza tujue tunaongelea kitu gani, maana dukani jina "magadi" linabeba vitu zaidi ya kimoja. Kuna magadi ya mawe, yale mabonge ya kijivu au meupe mama zetu wanalainishia maharage na kande. Hayo hutokana na maziwa ya chumvi ya Bonde la Ufa, kama Ziwa Natron kule wilaya ya Ngorongoro, flamingo wanakozalia, na Ziwa Magadi huko Kajiado, Kenya, ambako kampuni ya kuyachimba ilianzishwa mwaka 1911. Kiwandani yakichomwa na kusafishwa hupatikana unga mweupe, soda ashi, unaotumika kutengeneza chupa, vioo na sabuni. Soda ashi ikigandishwa pamoja na maji inakuwa zile chenga zinazong'aa kama barafu. Unga na chenga ndiyo magadi ya kufulia.

Hapo kuna jambo la vipimo watu hawalijui. Zile chenga zaidi ya nusu ya uzito wake ni maji. Kilo 1 ya unga mkavu ina nguvu sawa na karibu kilo 2.7 za chenga. Kwa hiyo aliyezoea chenga, siku akipewa unga akapima kwa kijiko kilekile, ametengeneza dawa kali bila kujua. Magadi ya mawe yenyewe ni mapole zaidi, maana ndani yake yamechanganyika na ile aina ya kuumulia maandazi, tena yana mchanga. Ukiyatumia kuoshea, yayeyushe kwanza, uyachuje kwa kitambaa. Mchanga unakwangua chombo, na kila mkwaruzo ni nyumba ya wadudu wa kuchachusha maziwa.

Sasa kwa nini magadi yanatoa utando ambao sabuni ya mche imeshindwa? Mafuta yakikutana na maji ya moto yenye magadi, sehemu ya mafuta hayo inageuka kuwa sabuni. Yaani ule uchafu wenyewe unasaidia kujiosha. Na ile protini ya maziwa iliyokauka inavimba, inalainika, inaachia. Bibi zetu waliosugua vyungu kwa majivu walikuwa wanafanya jambo lilelile, kwa kuwa majivu ya kuni na ya maganda ya ndizi yana ndugu yake magadi ndani yake. Tofauti ni kwamba majivu huwezi kujua nguvu yake leo na kesho.

Kwa alumini, kisa ni kingine. Alumini imejifunika yenyewe kwa ngozi nyembamba inayoilinda. Magadi ya moto yanaila ile ngozi, kisha yanaanza kula alumini yenyewe. Unaona vipovu vidogo vinapanda, chombo kinageuka cheusi, halafu kinapata vishimo. Keni yenye vishimo hata uisugue namna gani haitakaa iwe safi tena. Sufuria zetu nyingi za jikoni ni za alumini, kwa hiyo zimo kwenye onyo hili. Ndoo za bati nazo zimo, kwa sababu lile pako lake la kuzuia kutu linaliwa vilevile.

Utajuaje keni yako ni ya alumini? Ni nyepesi kuliko inavyoonekana, haing'ai sana, na ukiisugua kwa kitambaa cheupe chenye maji inaacha weusi wa kijivu. Usihangaike na sumaku, stenlesi nyingi nayo haishiki sumaku. Kama bado una wasiwasi, dondosha tone la magadi makali ya moto kwenye kitako, upande wa nje. Vipovu vikitokea, weka magadi kando. Suuza hapo hapo.

Haya, mwenye keni ya stenlesi afanye hivi kila baada ya kupeleka maziwa. Suuza kwanza kwa maji ya vuguvugu, kama ya kumwogeshea mtoto. Usianze na maji yanayochemka, utaipika protini igande ukutani kama yai kwenye kikaango. Hili ndilo kosa ninaloliona nyumba nyingi, tena kwa watu wanaojitahidi kweli. Ukishasuuza, chukua lita 5 za maji ya moto, tia vijiko 2 vya chakula vya chenga, au kijiko 1 kisichojaa cha unga. Vaa glavu. Sugua kwa brashi yenye mpini mrefu: mabega, shingo, kifuniko, na ule mpira wa kifuniko utoe uusugue peke yake. Dakika kumi zinatosha, usiku kucha hakuna haja. Kisha suuza mara mbili kwa maji safi. Mwisho mimina maji yaliyochemka, yazungushe, yamwage, ugeuze keni kichwa chini kwenye kichanja.

Vitabu vinasema anika juani. Vizuri, lakini aliyeandika hakuishi Tukuyu. Sisi tunapata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, kuna wiki jua unalisikia redioni tu. Ndiyo maana nasisitiza maji yaliyochemka: keni ya moto inajikausha yenyewe. Kichanja kiwe chini ya paa, upepo upite, na kuku wasipande.

Kujua kama imetakata, mwagia maji baridi ndani uangalie. Yakiteremka kama shuka moja, hakuna mafuta. Yakibaki matonematone yamening'inia, rudia.

Mwenye keni ya alumini hatua ni zilezile, ila badala ya magadi tumia sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, ambayo haina ukali. Sabuni ya unga ya kufulia nguo siipendi, nyingi zina magadi ndani yake na marashi juu, na maziwa yanavuta harufu upesi kuliko sifongo. Brashi iwe ya nailoni, steelwuli hapana. Anayebeba maziwa kwenye dumu la plastiki lenye mdomo mwembamba, mkono hauingii, brashi haiingii. Hapo sina dawa ya kukupa zaidi ya kukuambia uanze kuweka akiba ya keni.

Kuna uchafu mmoja magadi hayautoi kabisa. Ni ule weupe mgumu, kama ukoga wa meno, unaojijenga taratibu kutokana na madini ya maziwa. Huo unataka kitu kichachu: siki au maji ya limau, mara moja kwa wiki, dakika chache, sugua, suuza sana. Na tafadhali, siku ya siki isiwe siku ya jiki kwenye beseni moja. Jiki ikikutana na siki au limau inatoa hewa ya sumu inayobana kifua.

Kuhusu kusuuza mara mbili nina sababu nyingine. Kuna watu, tunajuana, wanaotia magadi ndani ya maziwa yaliyoanza kuchacha ili uchachu upotee wapate kuuza. Ni udanganyifu kwa mnywaji, na wadudu wanabaki mlemle wanaendelea kuzaana. Wapimaji wana dawa ya rangi ya kuugundua: maziwa yenye magadi yanageuka mekundu ya waridi. Sasa wewe mwaminifu uliyeacha magadi kitakoni mwa keni kwa uvivu wa kusuuza unaweza kuonekana mwizi mbele ya majirani. Kuliondoa jina hilo ni kazi kuliko kuondoa utando.

Nyumbani magadi yana kazi nyingi. Chupa ya chai iliyopakwa weusi ndani, weka kijiko 1 cha magadi na maji ya moto, iache nusu saa, weusi unatoka wenyewe, suuza vizuri. Ukuta wa jiko wenye moshi na mafuta, nepi za mtoto, mashuka, taulo, aproni za wakamuaji, vyote vinakubali. Ukiwa na ndugu Dodoma kwenye maji ya chumvichumvi, mwambie atie magadi kidogo kwenye beseni kabla ya sabuni, sabuni haitakataa kutoa povu. Sweta za sufi hapana, na kwa baridi yetu sweta ni mali: magadi yanaila sufi kama yanavyokula ngozi ya mikono. Na chuchu za ng'ombe usizioshe nayo kamwe. Maji safi ya vuguvugu na kitambaa safi, baada ya hapo mafuta ya kukamulia, basi.

Jambo la mwisho ndilo lililonifanya niandike leo na sio mwezi ujao. Duka moja linaweza kuweka rafu moja vitu vitatu vyeupe: magadi soda ya maandazi, magadi ya kufulia, na kostiki ya watengeneza sabuni. Vyote vimepimwa kwenye vifuko vya nailoni visivyo na maandishi. Vyote mtu anaviita "soda". La kwanza unakula. La pili linakausha ngozi na kuwasha macho. La tatu linaunguza nyama ya mtu, na mtoto akilimeza koo linaweza kuziba maisha yake yote. Sasa ongeza na neno lenyewe: kwa mtoto wa Kiswahili, soda ni kinywaji kitamu. Ukimwambia "usiguse soda iliyo kwenye chupa kabatini" umemwalika.

Kwa hiyo nunua kwenye pakiti yenye jina. Ukinunua kwa kupimiwa, muulize muuzaji mbele ya mtu mwingine, na ukifika nyumbani andika MAGADI YA KUOSHEA kwa kalamu nene kwenye kopo lenye kifuniko, juu ambapo mtoto hafiki. Chupa ya soda au ya maji ya kunywa isitumike hata kwa dakika mbili.

Yakiingia machoni, mwagia maji safi yanayotiririka bila kuacha kwa dakika 20, ndipo uende zahanati. Mtoto akimeza kostiki au magadi, mfute na kumsuuza mdomo, usimtapishe, maana kinachounguza kikishuka kitaunguza tena kikipanda. Usimpe siki wala limau ati kuua makali. Panda bodaboda mwende hospitali, na kile kifuko ukibebe waone ni kitu gani.

Yule mama tulichangia, tukanunua keni ya stenlesi ya lita 15. Siku ya kwanza maziwa yalipita kwenye spiriti, akanipigia simu tena, safari hii kwa sauti yake ya kawaida ya kupiga kelele. Ile ya alumini hakuitupa, anabebea maji ya kufanyia usafi wa banda. Kila nikipita anainyanyua: "Bwana mifugo, mtoto wako huyu hapa."