Mgeni Kanisani Kampala

Katika makanisa mengi ya Kampala, wakati wa matangazo, wageni huombwa wasimame, wataje majina yao na walikotoka, nao waumini huwapigia makofi. Na yule aliyekuja kwa nia ya kuketi nyuma kwa faragha hana budi kustahamili kutazamwa na halaiki. Naiona ada hiyo kuwa ya ukarimu, lakini nyepesi, kwani taabu huanza baada ya ibada, mgeni anaposimama peke yake uani huku wenyeji wakijuliana hali kirefu kwa Kiganda asichokifahamu.

Balokole, yaani waliookoka, Wakristo wa uamsho wa Afrika Mashariki, walilishughulikia jambo hili la kumpokea mgeni kwa namna yao. Habari zao hazisimuliwi pasipo kutaja kilima cha Namirembe, Kampala, ambako mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda, alikutana na Joe Church, tabibu wa Kiingereza aliyekuwa akihudumu Gahini, Rwanda, wakasoma Maandiko na kusali pamoja. Uamsho ulioenea baadaye hadi Kenya na Tanganyika uliwakutanisha Mzungu na Mwafrika, wakaungama dhambi zao hadharani, mmoja mbele ya mwenziwe, jambo la ajabu katika zama za ukoloni; na msafiri aliyefika mji asioujua, akiisha kutambuliwa kuwa ni ndugu, alipewa chakula na malazi. Hata hivyo undugu huo ulikuwa na ukali wake: asiyeungama, ijapokuwa alibatizwa tangu utotoni na kuketi safu ya mbele kila Jumapili, pengine hakuhesabiwa miongoni mwao.