Jicho Jekundu Lisilopona

Mtoto kaamka na jicho jekundu, kope zimevimba. Baba anasema ni vumbi, mama anasema kaambukizwa na wenzake, jirani naye anashauri maziwa ya mama. Mnapita duka la dawa, mnapewa matone, maisha yanaendelea. Mara nyingi jicho hupona. Lakini kama chupa ya pili imeisha na jicho bado ni lile lile, acheni kubahatisha.

Ipo saratani ya jicho iitwayo retinoblastoma. Huanzia kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, na huwapata zaidi watoto wa chini ya miaka 5. Wakati mwingine hujifanya maambukizi: sehemu ya uvimbe ikifa ndani, jicho huwa jekundu, huvimba na kuuma. Dawa zenye steroidi zinaweza kupunguza wekundu, mkadhani mambo poa, kumbe ugonjwa unaendelea.

Angalieni picha

Fungueni picha za mtoto kwenye simu, hasa zilizopigwa kwa flashi. Je, mboni moja inang'aa nyeupe kama jicho la paka usiku? Je, ameanza makengeza, au jicho moja limekuwa kubwa kuliko jingine? Msisingizie kamera. Wahini kwa daktari wa macho, siyo duka la dawa. Atapanua mboni kwa dawa na kuchungulia mpaka nyuma.

Nani alaumiwe?

Hapa ndipo ndoa nyingi hutikisika. Eti ukoo wa mke una mkosi, eti kuna mtu karoga. Ukweli ni kwamba chanzo ni hitilafu kwenye jeni ya RB1, na mara nyingi hutokea yenyewe bila mzazi yeyote kuisababisha. Kwa watoto takriban 4 kati ya 10, hitilafu hiyo imo mwili mzima na inaweza kurithiwa. Ndiyo maana ndugu zake nao hupimwa macho.

Uamuzi mgumu

Ugonjwa ukigundulika mapema sana, leza, kugandisha uvimbe au dawa za saratani zinaweza kuokoa jicho. Ukichelewa, daktari atasema jicho litolewe. Baba anagoma, mama analia, mtoto anapelekwa kwa mganga, na miezi inapita. Miezi hiyo ndiyo inayoua, kwa sababu saratani hufuata mshipa wa jicho hadi kwenye ubongo. Katika nchi tajiri, ambako watoto huwahishwa, zaidi ya asilimia 95 hupona. Mtoto aliyewekewa jicho la bandia husoma na kucheza kama wenzake.

Muhimbili, KCMC Moshi na Kenyatta jijini Nairobi ni baadhi ya hospitali zinazotibu ugonjwa huu. Nendeni wote wawili, msikilize pamoja, muulize maswali pamoja. Bora mtoto mwenye jicho moja anayewaita baba na mama kuliko picha ukutani yenye macho mawili.