Nyegere Haachii Kiatu

Nilimfuata mzee mmoja Mbagala kwa habari nyingine, ya vijana wanaouza filamu kwenye flashi. Maongezi yakaangukia filamu ya The Gods Must Be Crazy II, na tangu siku hiyo sijatulia.

Miaka ya tisini alikuwa na kibanda umiza nilichokuwa naingia utotoni: tivi moja, deki moja, mabenchi, na maikrofoni mkononi mwake. Sisi watoto Kiingereza hatukujua. Yeye ndiye aliyetuambia nani kasema nini.

Kipande kilichojaza kibanda ni cha nyegere. Daktari Stephen Marshall, Mzungu mrefu aliyepotea Kalahari na mwanasheria kutoka New York, anamuudhi mnyama huyo, naye anang'ata kiatu. Jamaa anatembea, nyegere anaburutwa. Anapiga kelele, nyegere kimya. Jua linawaka, mchanga hauishi, meno hayaachii. "Pale nilikuwa nafunga mdomo, mwanangu," anasema mzee. "Nyegere hana haja ya tafsiri. Naachia benchi lipige kelele, mimi nakunywa maji." Nimekiangalia tena juzi. Bado kinachekesha.

Kile cha fisi kadhalika. Xiri, mtoto mdogo wa Xixo, Msan wa Kalahari ambaye ndiye mhusika mkuu, amejikuta peke yake na fisi anamnyemelea. Anaweka kipande cha gome juu ya kichwa ili aonekane mrefu, fisi anasita. Usiku huo tulirudi nyumbani kila mmoja na kandambili kichwani.

Kilichonisumbua ni askari wawili wa filamu hiyo. Kila baada ya muda mmoja anamteka mwenzake, bunduki inahama, mateka anakuwa bwana. Utotoni nilijua ni mgambo na muuza gongo, maana ndivyo nilivyoambiwa. Kumbe mmoja, Mateo, ni Mcuba. Jamie Uys, Mwafrika Kusini, alitoa filamu hii mwaka 1989, wakati jeshi la nchi yake limetoka juzijuzi kupigana na Wacuba na Waangola huko Angola. Damu ilikuwa haijakauka, yeye kaigeuza mchezo wa kupokonyana bunduki. Nasi tulikuwa tunacheka Dar es Salaam, mji uliokuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya OAU tangu 1963!

Nilimuuliza mzee kama alijua. Alichelewa kujibu.

"Nilijua. Kaka yangu alikuwa Msumbiji na jeshi letu. Sasa ningesema vita, nani angecheka? Mtu kalipa kiingilio chake. Nikasema mgambo, kila mtu anamjua mgambo."

Alituficha, au alituokoa na mzaha wa Uys? Yeye mwenyewe anasema alikuwa anatafuta hela ya mafuta ya jenereta tu. Simwamini sana. Mtu asiyejali asingechelewa vile.

Kuna pia jambo la Xixo. Filamu hii na ile ya kwanza zote zinawachora watu wake, Wasan, kama viumbe wasio na habari na dunia. Lakini mtengeneza filamu John Marshall, kwenye filamu yake ya mwaka 1980 kuhusu N!ai, mwanamke wa jamii hiyo, anaonyesha watu hao hao huko Tsumkwe, Namibia, wakiishi kwa unga wa serikali, vijana wao wakiandikishwa jeshini na Afrika Kusini. Anaonyesha hata kamera za Uys zikiwa kazini hapo hapo kwa filamu ya kwanza. Uys aliyaona yote. Watoto wawili waliocheza Xiri na nduguye Xisa je, walipewa nini?

Kuhusu N!xau, aliyecheza Xixo, tunajua kidogo. Filamu ya kwanza ilimlipa pesa ya kuchekesha. Ya pili ilipokuja alishajua thamani ya fedha, akadai malipo makubwa zaidi, akajenga nyumba ya matofali yenye umeme na pampu ya maji. Alilima mahindi, maboga na maharage huko huko Tsumkwe hadi alipofariki mwaka 2003.